Mtihani wa Asali ya Mama Fabrice

Jumamosi, saa saba na nusu mchana. Saa hiyo nilikuwa bado mtu mwenye heshima zake. Kufika saa kumi na moja heshima ilikuwa imetokea dirishani, na nyuki walikuwa wameingilia dirisha lilelile.

Nawaandikia kwa jicho moja. Jingine limefunga. (Mtajua kwa nini. Asiruke mtu mistari.)

Mnanijua. Mimi ndiye yule wa dawati la nyuma, mwalimu akiita jina langu darasa zima linajibu "yupo" kwa niaba yangu. Dukani nanyoosha kidole. Kanisani naimba kwa kutingisha midomo. Sasa mtu wa namna hiyo, hebu niambieni, alienda kufanya nini katikati ya wageni?

Dada yangu Solange anaolewa. Yaani, alikuwa anaolewa mpaka leo saa kumi, halafu kwa muda fulani akawa haolewi, kwa sababu ya mdomo wangu na kiberiti cha jikoni.

Mchumba wake ni Fabrice, kijana wa Busasamana kule juu karibu na volkano. Anaendesha lori la viazi. Kila akishusha mzigo hapa mjini kwetu Mbugangari alikuwa anapata sababu ya kupita kwetu na kamfuko. Viazi tumekula, jamani. Viazi asubuhi, viazi jioni. Mwisho Mama akasema huyu kijana ama aoe ama aende na viazi vyake kwa watu wengine. Basi leo ndiyo ilikuwa siku ya mama yake kuja, pamoja na mjomba wake ambaye wote wanamwita Tonton, wapange na sisi siku ya kuja kumwomba Solange rasmi.

Tangu jana Mama alikuwa hakamatiki.

"Wale watu wanatuogopa," alisema huku akipiga pasi kitambaa cha meza. "Wanasema sisi wa mjini tuna dharau. Mara ya kwanza mama yake alikataa kuja. Alisema hawezi kushuka mlima wote ule ili akachekwe na watu wa kando ya ziwa. Kwa hiyo kesho sitaki dharau. Sitaki mtu aangalie hata viatu vyao. Umesikia?"

"Ndiyo," nilisema.

"Sauti!"

"Ndiyo, Mama!"

(Hilo neno "sauti" ndilo jina langu la pili. Nadhani liliandikwa kwenye cheti cha ubatizo.)

Sasa njooni kwenye asali. Jana jioni Fabrice alileta ndoo iliyotumwa na mama yake itangulie. Ndoo nyeupe, ndogo, iliyowahi kuwa ya mayonezi, mfuniko umezungushiwa selotepu kama mguu uliovunjika. Ujumbe ulikuwa mmoja: isifunguliwe mpaka mwenyewe afike, tuitie kwenye chai pamoja. Asali ya mizinga yake mwenyewe.

Bibi akaizunguka ile ndoo, mikono nyuma, kama askari wa mpakani.

"Asali," alisema. "Inavyodaiwa."

Mjue kwamba Bibi ana jeraha. Siku moja sokoni alinunua chupa ya asali kwa ajili ya kifua chake. Akanywa, akanywa, kikohozi kikanenepa. Kumbe ilikuwa sukari iliyochemshwa. Tangu siku hiyo kwa Bibi hakuna asali, kuna tuhuma tu. Na mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja, kwa hiyo tuhuma zake nazinywa kama maziwa.

Ndipo nikatafuta video.

Nikampata baba mmoja mwenye koti jeupe kama daktari, Kiswahili kimenyooka, kidole kimenyooka. Akaonyesha namna watu wanavyopima asali nyumbani: maji, kidole gumba, karatasi, sisimizi, kiberiti. Nikatazama bila kupepesa. Halafu akainua kile kidole, akasema, "Lakini ndugu mtazamaji, jambo kubwa la kukumbuka ni..."

Bando likaisha.

Kale kaduara kakazunguka, kakazunguka. Nikazima simu. Kwani nilikuwa nimekosa nini? Majaribio yote nilikuwa nayo kichwani. (Wekeni alama hapa. Tutarudi.)

Basi leo, saa saba na nusu, Mama ameenda kuazima viti kwa jirani, Solange yuko chumbani na rola kichwani, mimi nimesimama mbele ya ndoo.

Nilijiambia hivi. Kama asali ni ya uongo, aliyeituma je? Na kama aliyeituma ni wa uongo, Solange anaenda kuishi kwa nani? Solange ndiye aliyenifundisha kusoma. Solange ndiye anayeongea dukani kidole changu kikishindwa. Siwezi kumwacha aende kwenye nyumba ya watu wa sukari nikiwa nimekaa kimya kama kawaida yangu.

Nikabandua selotepu. Polepole, na kucha. Nikafungua.

Juu ilikuwa nzuri, ya kahawia, inang'aa. Nikatumbukiza kijiko. Kikagonga kitu. Nikachimba. Jamani! Chini kulikuwa kweupe. Nyeupe, nzito, ina punjepunje. Nikaweka ulimini, punje zikasagika kwenye meno. Sukari! Hawakuwa hata na adabu ya kuiyeyusha!

Nikaita mahakama.

Maji kwanza. Nikadondosha tone kwenye glasi, likazama mpaka chini likatulia. Yule baba alisema hiyo ndiyo asali ya kweli. Nikaona ni bahati tu. (Nilikuwa nimeshahukumu. Ushahidi ulikuwa unachelewa kufika.)

Kidole gumba. Asali ya kweli inabaki imesimama kama tone. Yangu ikatambaa mpaka kwenye kiwiko. Uongo!

Karatasi. Ya kweli hailowanishi. Nikachana ukurasa wa nyuma wa daftari la jiografia, nikadondosha, ukalowa mpaka ramani ikaonekana upande wa pili. Uongo!

Sisimizi. Ya kweli wanaiogopa, ya sukari wanaikimbilia. Nikajaza sahani ndogo, nikaenda kuiweka nje kwenye kizingiti cha dirisha la sebuleni, niwape nafasi. Niliporudi ndani nikamkuta Bibi mezani, ameshika kijiko changu cha maabara.

"Bibi! Hicho ni cha mtihani!"

"Na mimi nimeufanya," alisema akilamba. "Kwa ulimi. Imefaulu."

"Bibi, si wewe uliyesema inavyodaiwa?"

"Nilisema inavyodaiwa. Sasa naisikiliza upande wake." Akachota tena.

Nikamwacha. Nikaenda jikoni kuchukua kiberiti, kile kinachokaa kwenye rafu juu ya sufuria, pale mvuke wa maharage unapopita kila siku. (Alama nyingine hapa.) Yule baba alisema chovya njiti kwenye asali, ipangushe kidogo, ipige. Ikiwaka ni safi. Isipowaka ina maji. Nikachovya. Nikapiga. Kimya. Nikapiga tena. Kichwa cha njiti kikang'oka kikaruka kwenye sinki.

Hukumu imetoka.

Kwenye dirisha nako sisimizi walikuwa wamepanga foleni kama watu wa mpakani asubuhi.

Nikaingia kwa Solange. Nikasimama. Nikavuta pumzi.

"Dada. Ile asali ina sukari."

"Kila asali ina sukari, we mtoto. Nipe kioo."

Nikampa kioo. Ningefanya nini? Nikarudi sebuleni nikafunga mfuniko, nikazungusha selotepu nyingine niliyoipata kwenye droo. Kisha nikavuta pazia la dirisha ili wageni wasione sisimizi. Sahani nikaisahau palepale kizingitini, juani, imejaa mpaka ukingo.

Saa kumi wakafika.

Mama Fabrice ni mfupi, mpana, amevaa kitenge kipya kinachotoa sauti akitembea. (Viatu sikuviangalia.) Alikaa pembeni kabisa ya kochi, mkoba juu ya magoti, kama mtu anayesubiri gari. Tonton alikuwa mkubwa, mwenye kicheko, na sikio moja halisikii kwa sababu ya miaka mingi ya kupiga ngoma kanisani. Ukiongea naye anageuza kichwa kukupa lile lingine.

"Karibuni, karibuni sana, hapa ni kwenu," Mama alisema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Ilikuwa kama imepigwa pasi pamoja na kitambaa.

"Aksanti. Nyumba iko muzuri," Mama Fabrice alisema, macho yakizunguka. "Kwetu kule ni mawe tu na baridi. Hamutatucheka?"

"Tucheke nini, mama! Sisi ni watu wamoja."

Solange akaingia, amependeza, kichwa chini. Mambo yakawa mazuri. Wakaulizana habari za viazi, za mvua, za barabara. Mama Fabrice akasogea kidogo kutoka ukingoni mwa kochi. Akacheka mara moja. Mkoba ukashuka kutoka kwenye magoti ukakaa chini. Nilimwona Mama akiuangalia ule mkoba kama mtu anayeona mvua baada ya kiangazi.

"Lete chai," aliniambia. "Na ile asali ya mama."

Nikaileta ndoo mezani. Mama Fabrice akaivuta kwake, akashika selotepu. Akasimama kidogo.

"Mi nilifunga na ya kahawia," alisema.

Mimi nilikuwa nimerudishia ya kung'aa.

Akafungua. Akachungulia.

"Iko na shimo."

Tonton naye akachungulia. "Ni panya, pengine."

"Ndiyo, ni panya," Bibi alidakia haraka, mdomo wake bado unang'aa.

Mama akanitazama. Mnajua yale macho ambayo yanasema tutaongea wageni wakiondoka? Hayo. Lakini Mama Fabrice alikunja shavu kama anataka kutabasamu. "Panya ya mujini inajua kufungua selotepu. Bon. Si kitu. Atie kwa chai, tunywe."

Ningeachiwa hapo ningekuwa mzima. Tatizo ni desturi. Kwetu huku anayemimina kinywaji anaonja kwanza mbele ya mgeni, mgeni aone hakuna sumu wala hila. Ni heshima. Na anayemimina ni binti mdogo wa nyumba. Mimi.

Nikatia asali kwenye kikombe. Nikakoroga. Zile punje zikagonga kikombe, chwa, chwa, chwa. Nikanywa funda moja. Macho yote kwangu. Masikio yakaanza kuwaka.

"Iko je?" Mama Fabrice aliuliza. Aliuliza kwa upole kabisa, shingo imenyooshwa mbele, mikono imeshikana. Sasa ninapoandika naelewa kwamba alikuwa anaogopa jibu. Wakati ule niliona mtu anayenijaribu.

Neno lililotakiwa ni moja. Nzuri. Hata kutingisha kichwa kungetosha. Nikamtazama Solange. Nikaona nyumba ya watu wa sukari.

"Ni sukari," nikasema.

Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, ile ambayo hata nzi haimshtui. Mama alikuwa karibu, alisikia, akanifinya kwenye paja mpaka nikaona nyota. Wengine hawakusikia. Mungu alikuwa amenipa mlango wa kutokea. Ulikuwa wazi kabisa!

Tonton akageuza sikio lake zima. "Anasema nini?"

"Anasema ni nzuri," Mama alijibu.

"Ngoja aseme yeye. Mutoto, sauti!"

"...sukari."

"Sauti, mutoto! Sisikii! Usiogopa, sema na nguvu, tuko batu ya nyumba moja!"

Sijui kilichonipata. Miaka yote wananiambia sauti, sauti, sauti. Nadhani zote zilikuwa zimewekwa mahali, zinangoja siku.

"NI SUKARI! HII SI ASALI, NI SUKARI!"

Jamani, ilitoka. Ilitoka nzuri, ya kifua, yenye mwangwi. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alisimamisha mashine.

Mama Fabrice akashusha mkono. Akauokota mkoba, akaurudisha kwenye magoti.

"Bon," alisema. "Donc, basi mi nimeshuka mulima na sukari."

"Mama, huyu ni mtoto, hajui..." Mama alianza, na ile sauti iliyopigwa pasi ilikuwa imejikunja yote.

"Mi nilisema," Mama Fabrice alimwambia Tonton, polepole. "Nilisema hawa batu watatucheka. Ukaniambia hapana."

Solange alinitazama. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alinitazama kama siku ile ya utotoni nilipovunja saa ya marehemu Baba, macho yamejaa, mdomo umefungwa. Ndipo nikaelewa nimevunja nini.

Mtu mwenye akili angepiga magoti aombe radhi. Mimi nikasema, "Ninaweza kuthibitisha."

(Ndiyo. Nilisema hivyo. Nicheke na nani?)

Nikakimbia jikoni nikarudi na kiberiti. Nikachovya njiti mbele ya wote. Nikaeleza kwamba asali safi inawaka. Nikapiga. Haikuwaka.

"Mnaona!"

Tonton akaninyang'anya kiberiti taratibu. Akatoa njiti nyingine ambayo haijawahi kuona asali tangu izaliwe. Akapiga. Haikuwaka. Akatoa nyingine. Haikuwaka. Akatoa nyingine, hiyo ikameguka.

"Kumbe hata hizi ziko na sukari," alisema.

Bibi akacheka kwa pua, chai ikamtoka. Peke yake. Mama Fabrice hakucheka. Alikuwa ameshasimama.

"Na ingine iko?" aliniuliza, baridi kama kwao. "Ushahidi ingine. Onyesha yote, nikienda niende najua."

"Sisimizi!" nilisema. Sauti sasa ilikuwa imekataa kurudi ndani. "Asali ya kweli sisimizi hawaili! Njooni muone!"

Nikaenda dirishani. Nikavuta pazia kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine nikasukuma dirisha likafunguka lote, pwaa, kama mtu anayezindua daraja.

Sisimizi hawakuwepo tena.

Sahani ilikuwa inatembea. Ilikuwa nyeusi, ya kahawia, inanguruma. Nyuki, jamani! Nyuki juu ya nyuki. Nadhani mlima wote wa Rubavu, na mikaratusi yake yote, ulikuwa umepewa habari. Na mimi kwa ukingo wa dirisha nilikuwa nimewagonga katikati ya chakula.

Wakaingia.

"Mana yanjye! Mungu wangu!" Mama alipiga kelele, akavuta kile kitambaa cha meza alichokipiga pasi siku mbili, akajifunika nacho, vikombe vikaenda vyake. Solange akaruka nyuma ya kochi. Tonton, mwanaume wa ukubwa ule, alishika mto wa kochi akauweka kichwani akatoka mlangoni bila kuaga, na mpaka sasa sijui alipitaje pale na viti vya kuazima vimejaa. Bibi hakusogea. Alifunika kikombe chake kwa kiganja akasema, "Msipoteze chai."

Mimi nilifanya nini? Nilifanya kile ambacho kila mtu anajua usifanye. Nilipiga mikono hewani. Nikapiga mayowe. Na vidole vyangu vyote bado vina asali. Mmoja akanipata kwenye kope. Mwingine kwenye mdomo wa juu. (Huo mdomo ulistahili, sina neno.)

Ghafla giza. Kitu kizito, chenye harufu ya kitenge kipya na moshi wa kuni, kikanifunika kichwa mpaka mabegani.

"Simama!" Sauti ya Mama Fabrice, sikioni. "Usipige mikono! Pumua. Simama kama muti."

Nikasimama kama mti. Kwa upenyo mdogo nikamwona akienda dirishani bila haraka, kichwa wazi, mabega wazi, nyuki wanamzunguka. Akaichukua ile sahani kwa mikono miwili, akatoka nayo nje polepole, anawasemesha kama kuku wanaorudi bandani. "Haya, haya, twende. Muliitwa vibaya. Twende." Akaenda kuiweka mbali, juu ya ukuta wa mawe meusi nyuma ya choo. Nyuki wengi wakaifuata. Waliobaki Bibi aliwaelekeza mlango kwa leso.

Vikombe chini. Chai kwenye zulia. Rola moja ya Solange, ambayo hakuna aliyejua kwamba bado ilikuwa kichwani, ikaanguka ikabingirika mpaka miguuni kwa Mama Fabrice aliyekuwa anaingia.

Akanikalisha. Akaning'oa mwiba kwenye kope kwa ukucha, tap, bila hata kuniambia jiandae. Akang'oa wa mdomoni. Nilikuwa nalia kwa jicho moja.

"Muniletee ile ndoo," alisema.

Solange akaileta. Mama Fabrice akachovya kidole.

"Funga jicho," aliniambia. "Nakupaka sukari kidogo."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Halafu Bibi. Halafu Tonton kutoka nje, mto bado kichwani, kwa sababu hilo alilisikia vizuri sana. Halafu Mama, ndani ya kitambaa cha meza. Na mwisho Mama Fabrice mwenyewe, akaanza chini tumboni, akakaa, akashika magoti, akacheka mpaka kitenge kikafunguka.

"Unisamehe, mama," nilisema. "Nilidhani... sikutaka dada yangu adanganywe."

"Sauti," alisema, huku akifuta machozi.

"NISAMEHE!"

"Hiyo nimesikia."

Akamgeukia Mama. "Unajua, mi niliogopa kuja huku. Batu wa mujini banatuchekeaka mbele, tukifika barabarani ndiyo banasema. Huyu wenu ameniambia mu macho kabisa. Amesema bongo, uongo," hapo akanitazama, "lakini amesema mu macho. Nyumba yenye mutu kama huyu, mi sitajiuliza banasema nini nikienda."

Akaushusha mkoba chini. Nikamwona Mama akiuangalia tena, safari hii na machozi.

Tonton akaingia, akauweka mto mahali pake kwa heshima. "Lakini kuna amende!" alisema. "Amende ni lazima! Ametukana asali ya ukoo!"

"Ndiyo, faini ni lazima," Bibi naye akasema. Bibi yangu! Mla vielelezo!

Wakashauriana kama mahakimu. Hukumu hii hapa. Siku ya kumwomba Solange, mbele ya ukoo wao na ukoo wetu na majirani wote, mimi ndiye nitakayebeba ndoo ya asali. Mimi ndiye nitakayeonja. Na nitashika kipaza sauti, niseme ni nini. Maneno mawili tu. Ni asali.

Kipaza sauti. Mimi. Afadhali nyuki.

Siku wameipanga, Solange amenikumbatia upande usiovimba, wageni wameondoka na mto mmoja ambao Tonton ameuomba kwa ajili ya safari. Zulia nimelifua mimi. Zulia lote.

*

Jumapili asubuhi, naongezea.

Jicho limefunguka kidogo, kiasi cha kuona kijiko. Nilimwomba Solange anigawie bando lake, nikaketi jikoni, nikaifungua ile video nimalizie. Baba wa koti jeupe akainua kidole chake.

"...jambo kubwa la kukumbuka ni kwamba majaribio haya yote hayathibitishi chochote. Ni imani za mitaani. Na ukiona asali imeganda ikawa nyeupe chini, hasa inayotoka sehemu za baridi, usiseme ni sukari. Hiyo ni kawaida kabisa."

Kichwa cha video, ambacho sikukisoma kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuokoa familia: Usidanganywe na Majaribio Haya.

Nikazima simu. Nikapaka kipande cha mkate ile nyeupe ya chini kabisa, nikala chote. Tamu mno, niwe mkweli. Halafu nikatoka uani, nikasimama mbele ya kuku wa Mama, nikashika mwiko mdomoni kama kipaza sauti.

"Ni asali."

Kuku hakugeuka.

"Sauti!" Bibi aliita kutoka ndani.

Basi nafanya mazoezi. Siku hiyo mkija, kaeni nyuma kabisa, na ikibidi mcheke, nawaomba mcheke kwa ile sauti yangu ya zamani.